Sahihi ya Kwanza Ilikuwa ya Wakili Fisi

Masikio mnayo?
Tunayo!
Yameoshwa?
Yameoshwa, mwaga!

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Wakili Fisi alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Jina lake lilikuwa la kwanza. Alisaini Jumatatu, akasaini Jumanne, akasaini na Jumatano, zote kwa mkupuo mmoja. Kisha akauliza jikoni ni upande gani.

Yalikuwa mafunzo ya kila mwaka ya mawakili wa nyikani wanaoshughulikia kesi za ndoa na malezi ya watoto. Sharti lilikuwa moja: asiyehudhuria, leseni yake huchanwa.

Wakili Pimbi alisaini wa mwisho, akaketi mbele, juu ya jiwe. Alikuwa na kesi Alhamisi. Mteja wake, Nyamizi, mama ngiri, alikuwa karibu kunyang'anywa mtoto. Mumewe, Lutonja, aliondoka binti yao Kabula akiwa bado ananyonya. Kiangazi kilipokausha mito, Lutonja akakumbuka kuwa yeye ni baba. Nyikani, shimo la kuishi humfuata mtoto, anayempata mtoto hupata na shimo, na shimo la Nyamizi lilikuwa kando ya chemchemi. Wakili wa Lutonja alikuwa Fisi. Yeye aliahidiwa chumba cha mbele cha shimo hilo.

Pimbi alishashindwa na Fisi mara mbili. Mara zote mbili Fisi alicheka, hihihihiii, hakimu akasahau swali.

"Ya tatu hapana," Pimbi akajiambia.

Siku ya kwanza Mwalimu Kanga akafundisha. Pimbi akaandika, kwaru kwaru. Jikoni Fisi akavunja mfupa, kach! Siku ya pili Mwalimu Kanga akafundisha. Pimbi akaandika, kwaru kwaru. Jikoni Fisi akavunja mfupa, kach! kach! Siku ya tatu hata mwalimu alipiga miayo, lakini Pimbi akaandika, kwaru kwaru. Pimbi hana mkia; angekuwa nao, ungekufa ganzi.

Fisi akatoka jikoni akijifuta mdomo. "Haya, wakili kiganja, umejifunza mangapi?"

"Mengi, kaka."

"Mimi nimekula mengi. Tuonane kesho."

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Hakimu Kobe akatoa kichwa nje ya gamba.

"Nasikia kesi za watoto siku hizi zina utaratibu mpya. Mawakili wasomi, mlifundishwa nini? Mkikubaliana wote wawili, naandika. Nikiandika, sifuti."

Pimbi akaweka karatasi ya mahudhurio mezani. "Mheshimiwa, mwenzangu msomi alikuwepo. Jina lake hilo hapo, la kwanza. Nikikosea atanisahihisha."

"Ulikuwepo, Wakili Fisi?"

Fisi akaipapasa leseni yake. "Nilikuwepo! Siku zote tatu!"

"Tulifundishwa," Pimbi akasema, "kwamba kwanza hutazamwa maslahi ya mtoto, si urefu wa meno ya baba. Tulifundishwa, hatukufundishwa?"

"Tulifundishwa!"

Kobe akaandika.

"Tulifundishwa kwamba anayemtaka mtoto aulizwe: mtoto hula nini, huogopa nini, hulalaje? Tulifundishwa, hatukufundishwa?"

Fisi akaishika tena leseni. "Tulifundishwa."

Lutonja akamkanyaga mguu. "We! Mbona hayo hukuniambia?"

"Nyamaza, mzee. Leseni yangu itachanwa."

Kobe akaandika. Kisha akamgeukia Lutonja. "Kabula hula nini?"

"Hula... chakula, mheshimiwa."

"Huogopa nini?"

"Binti yangu mimi? Haogopi kitu!"

Fisi akaona mambo yanaharibika. Akafanya alichozoea. Akacheka, hihihihiii! Kabula akaruka, puu, akajibana nyuma ya mama yake, macho kayafumba.

"Anaogopa kicheko hicho," Nyamizi akasema. "Hula mizizi ya ndago, ile laini, ngumu humkwama kooni. Na hulala shingo yake juu ya shingo yangu, mheshimiwa. Bila hivyo halali."

Kobe akaandika.

Fisi akataka kukaa.

"La mwisho," Pimbi akasema. Akafunga daftari, kwa maana hili halikuwamo. "Tulifundishwa kwamba wakili wa upande ulioshindwa humchimbia mtoto mizizi siku saba. Kimya kimya, bila kucheka. Tulifundishwa, hatukufundishwa?"

Fisi akatazama karatasi. Akatazama leseni. Akamtazama Pimbi, na Pimbi hakupepesa jicho.

"Tuli... tulifundishwa."

Kobe akaandika. Kisha akasoma: mtoto abaki kwa mama yake, shimo libaki kwa mtoto, baba aje kumwona kila Jumapili, na akija apige hodi.

Lutonja akaenda zake bila kumuaga wakili wake.

Basi funzo la ngano hii, enyi mawakili, ni hili: masomo hayana faida. Pimbi alikaa juu ya jiwe siku tatu, na neno lililommaliza Fisi halikufundishwa na yeyote. Nendeni jikoni, mle.

Niliyoyaona nimeyasema, nisiyoyaona muulizeni aliyeyaona. Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Wakili Fisi alikuwa anachimba, chwaka chwaka, mdomo umefungwa. Kabula alikula mizizi mitano, akarudi kulala shingoni mwa mama yake.