Diski Aliyoondoka Nayo Mzee Tweve

Usibomoe banda usilolala, huenda ufunguo wako umo.

Maneno haya yameandikwa kwa wino mweusi ubavuni mwa kompyuta ya redio yetu ndogo ya milimani. Sisi wanafunzi watatu tuliokuja kwa mafunzo ya vitendo tulidhani ni ya wahenga, mpaka Bi Sekela, mkuu wa kituo, aliposikia tukitaniana nayo. Akasema wahenga hawaijui methali hii. Ina miaka kumi na mmoja tu, na siku ilipozaliwa yeye alikuwepo. Tukamwomba atueleze, naye akavuta kiti.

Chanzo chake ni hiki, alisema. Ilikuwa Jumanne ya baridi kali. Niliingia saa moja na nusu kama kawaida yangu, nikatundika koti, nikainua chupa ya chai. Ilikuwa tupu. Nikakaa mbele ya kompyuta nifungue matangazo ya vifo. Kila siku niliikuta imeshawashwa, ikinisubiri. Siku hiyo niliibonyeza mwenyewe. Skrini ikabaki nyeusi, kisha yakatokea maneno machache meupe: hakuna diski ya kuanzia. Nikazima, nikawasha. Maneno yaleyale.

Mnajua matangazo ya vifo yalivyo huku. Ikifika saa sita na nusu mchana, wapasua mbao huko msituni huzima misumeno ili wasikilize, kwa kuwa simu hazishiki. Jioni ya jana yake mwanamume mmoja alikuwa ameteremka kutoka kijiji cha juu. Mama mkwe wake amefariki, mazishi ni Jumanne saa kumi alasiri, na mtoto pekee wa kiume wa marehemu yuko msituni anapasua mbao. Alinitajia jina la kijana na msitu alimo, nikaandika palepale kwenye kompyuta, naye akaanza safari ya kurudi kwa miguu. Asubuhi ile sikukumbuka jina la kijana wala la msitu. Nilikuwa nimepokea matangazo sita, na akili yangu jana yake ilikuwa kwenye jambo jingine.

Jambo hilo lilikuwa diski.

Kompyuta ile ilikuwa na diski mbili. Moja ilikuwa ya zamani, ya sahani inayozunguka, nayo ilibeba mfumo endeshi wa Mzee Tweve, fundi mitambo wetu wa kwanza. Nyingine ilikuwa mpya, ya aina isiyozunguka, nyepesi na ya haraka, nayo ilibeba mfumo wangu. Ile ya zamani ilikoroma kama mtu anayesaga ulezi. Mwaka mzima niliilalamikia mbele za watu, na mbele yake mwenyewe Mzee Tweve. Imezeeka, nilisema. Inatuchelewesha. Ipumzishwe. Sauti zote za zamani zilipokwisha kunakiliwa kwenye ile mpya, nikapata sababu. Jumatatu jioni nilimwita Lusajo, fundi kijana wa sokoni, akaifungua na kuitoa. Nikaitia kwenye boksi la viatu, nikamkabidhi mzee.

"Chukua kumbukumbu yako, mzee, ukaitunze nyumbani. Hapa tutatumia moja tu."

Aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, dada Sekela," akasema, akavaa kofia yake.

Basi asubuhi ile nilimwita Lusajo tena. Akabadilisha waya, akaichomeka diski kwenye tundu jingine, akapuliza vumbi. Saa tano ikapita.

"Diski yako inaonekana, mama, lakini haiwaki," akasema. "Itakuwa imekufa. Nisafishe niweke mfumo upya?"

"Na vilivyomo?"

"Vitafutika. Lakini itawaka vizuri."

"Itawaka vizuri nisome nini?" nilimuuliza.

Akajikuna kisogo. "Nani alizipanga hizi diski mbili mwanzoni?"

Nilimwambia asiguse kitu, nikatoka bila koti.

Mzee Tweve aliishi nyuma ya mashine ya kusaga. Nilimkuta uani anachagua viazi vya mbegu. Aliniangalia nilivyokuwa nahema, akanisogezea kigoda. Sikukaa.

"Mzee, kompyuta imekufa."

"Imekufa, au imelala haiamki?"

"Sijui. Lusajo anataka kuifuta aanze upya."

Kiazi kikamtoka mkononi. "Mwambie asithubutu. Diski yako ni nzima, mama. Tatizo haijui pa kuanzia." Akajifuta mikono. "Uliponunua ile mpya, ya zamani ilikuwa tayari ndani. Nilipoweka mfumo wako, orodha inayouliza tuwashe upi niliiandika kwenye ya zamani, maana ndiyo niliyoizoea. Mifumo yote miwili ilipita hapo. Ni sawa na mtu aliyejenga nyumba ya bati, ufunguo akautundika kwenye banda la nyasi. Sasa banda limebomolewa."

"Mbona mimi sijawahi kuiona hiyo orodha?"

"Ungeionaje? Nilikuwa nafika saa kumi na mbili na nusu. Nachagua mstari wa pili, wa kwako, halafu nachemsha chai."

Miaka minne nilikaa kwenye kiti kile. Miaka minne sikuwahi kujiuliza nani amekiwasha nilichokikuta kinawaka. Nilisimama uani pale kana kwamba nimeambiwa kuwa nyumba ninayolala haina ukuta mmoja.

Aliingia ndani akatoka na boksi la viatu. Alikuwa ameizungushia diski kitambaa cha sufu, jinsi mtu anavyofunga mtoto. Tulitembea haraka, na pamoja na umri wake mkubwa, mimi ndiye niliyeachwa nyuma.

Saa sita na dakika kumi alikuwa amepiga magoti na bisibisi. Lusajo alimmulikia kwa simu.

"Babu, hii kitu ni nzito kama tofali," alinong'ona.

"Na wewe utakuwa mzito siku moja. Shika waya huo."

Akawasha. Tukasikia mkoromo ule niliouchukia mwaka mzima, polepole, ukisita, ukiendelea. Nilijikuta naomba usikatike. Skrini ikaleta mistari miwili. Mzee akasogea pembeni, akaniashiria nichague mwenyewe. Kwa haraka nilikosea mara ya kwanza.

Saa sita na nusu nilisoma. "Habari zimfikie Obedi Chaula, aliyeko kwenye kambi ya wapasua mbao, msitu wa Idunda. Mama yake mzazi hatunaye tena. Mazishi ni leo saa kumi alasiri." Nilisoma mara tatu.

Saa tisa hivi dereva wa lori la magogo alisimama mlangoni kuomba maji ya rejeta. Akasema amempakia kijana mmoja kutoka Idunda, nywele zimejaa vumbi la mbao, na hakuwa na kiatu kimoja, alikimbia alivyokuwa. Amemshusha chini ya kilima cha kwao.

Lusajo akauliza ni nini hasa kilichotokea kwenye mashine. Mzee akamweleza habari ya nyumba na banda, na kijana akaifupisha, akaichukua akaenda nayo sokoni. Kesho yake watu walikuwa wanaisema, na wengi hawakujua ni habari ya diski. Maandishi hayo ni mkono wa Lusajo.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Lusajo alipoondoka, Mzee Tweve alianza kuokota skrubu sakafuni. Alichukua kofia yake. Nikajua kwamba akitoka hivyo, nitasoma vifo vya watu mpaka nizeeke nikiwa na kimoja ambacho sikukitangaza.

"Mzee Tweve," nilisema, "niliposema diski imezeeka, sikuwa naisema diski."

Akasimama.

"Nilikuwa nakusema wewe. Nilitaka wewe uondoke, nikakosa ujasiri wa kukuambia, nikatoa diski. Nimekukosea. Nataka ubaki."

Akanigeukia, kofia mkononi. Halafu akasema, "Nilikusikia tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uniambie mimi."

Akaitundika kofia msumarini.

Bi Sekela aliinuka, akarudisha kiti mahali pake. Mmoja wetu akayasoma tena maneno yale ubavuni mwa kompyuta, polepole, kwa sauti, na safari hii hakuna aliyecheka: Usibomoe banda usilolala, huenda ufunguo wako umo.