Herufi Mbili za Kifuko cha Damu

"Hivi mtu huiuliza mashine swali, nayo ikamjibu? Au mnatuona sisi hamnazo?"

Swali hilo liliulizwa na fundi cherehani, kibarazani kwake, pini tatu zikiwa mdomoni. Aliyeulizwa alikuwa binti wa nyumba ya pili, mtunga programu za kompyuta katika benki ya damu. Tangu utotoni mtaa mzima ulimwita Maswali, kwa kuwa hakupitwa na jambo bila kuuliza limetoka wapi na linakwenda wapi.

Maswali alicheka. "Shangazi, ukiletewa gauni lililoshonwa na fundi mwingine, ukaambiwa ushone la pili kama lile, na kigezo hukuachiwa, hufanyaje?"

"Naligeuza nje ndani. Mishono yenyewe itaniambia lilikatwa vipande vingapi na lilidai vipimo gani."

"Basi na sisi ni hivyo hivyo. Kuna njia ya kuigeuza programu nje ndani, ikajitazama kama mtu kwenye kioo, ikakueleza ilivyoundwa. Tunaiita uakisi."

"Makubwa!" Pini zikamdondoka fundi. "Kumbe na nyie ni mafundi cherehani, ila hamna uzi!"

Wakacheka mpaka machozi. Hakuna kati yao aliyejua kwamba kabla ya mwezi kwisha, mazungumzo yale ya barazani yangemfaa mtoto aliyekuwa akicheza na vitambaa miguuni mwao. Alikuwa mjukuu wa fundi, msichana wa miaka sita, mwenye tundu moyoni. Upasuaji wake ulikuwa umeahirishwa mara mbili.

Mwenyezi Mungu hakumpa mtu yeyote elimu yote, ili tuhitajiane. Hata hivyo wapo watu wanaoona haya kuuliza, mithili ya mtu aliyepasukiwa na nguo mgongoni: hutembea akiugusisha mgongo ukutani, asionekane. Katika benki ile ya damu alikuwepo mmoja wa namna hiyo. Alikuwa mtunga programu mwenzake Maswali, mwenye miaka mingi kazini, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa sababu alijibu swali kabla halijafika mwisho.

Jumatano moja mashine ya kuchapa lebo ilizima kama mshumaa. Mpya ilinunuliwa siku hiyo hiyo, lakini programu ya zamani haikuielewa. Programu hiyo ilitungwa na fundi mmoja hodari ambaye alikuwa amekwisha fariki. Aliacha kazi yake, hakuacha maelezo. Ikabidi itungwe programu ndogo ya kuunganisha ya kale na mashine mpya.

Alhamisi asubuhi Mkuu wa benki, mama mmoja mwenye sauti ya upole na macho makali, aliwasimamia vichwani.

"Gari letu la kupeleka damu hospitali linaondoka saa sita kamili. Kuna mtoto wa moyo, anapasuliwa leo saa nane, na daktari mgeni anayempasua anarudi kwao kesho. Damu yake iko kwenye friji, haina lebo. Na mnajua sheria ya nyumba hii: herufi za makundi ya damu haziandikwi kwa mkono."

Maswali alisoma jina kwenye fomu. Akalisoma tena. Alikuwa mjukuu wa fundi cherehani. Mtoto alikuwa wa kundi B, na kwa kuwa B iliadimika juma lile, alitengewa damu ya kundi O, ambayo humfaa. Lebo ilitakiwa ibebe herufi mbili: kundi la damu iliyomo kifukoni, na kundi la mgonjwa, zikichapwa kwa mpangilio ule ule zilivyoingizwa kwenye programu.

"Kazi ya dakika tano," alisema Profesa akinyoosha vidole. Akaeleza kwamba ndani ya programu ya marehemu kulikuwa na kigezo kiitwacho Kifuko, na kila kifuko kipya hukatwa kutoka humo kwa kupitia kiundaji chake, yaani amri inayokiunda. "Na kila kigezo kina kiundaji kisichodai kipimo chochote. Unakiita mikono mitupu, kinakupa."

Akakiita. Kompyuta ikajibu: *kiundaji hicho hakipo*. Akakiita tena. Hakipo. Akabadilisha hiki na kile, akakiita mara tisa, kama nzi anayegonga kioo cha dirisha akidhani safari hii kitafunguka. Saa tano ikagonga.

"Kaka," Maswali alisema taratibu, "kwa nini tusikiulize kigezo chenyewe kina viundaji gani?"

"Kuuliza ni kazi ya wasiojua, bibie."

"Basi nipishe mie nisiyejua."

Alivuta kiti, akaandika mistari minne. Hakukiambia kigezo kitu. Alikiuliza tu: *una viundaji vingapi, na kila kimoja kinadai nini?* Akabonyeza. Kioo kikamemeta, na mara majibu mawili yakajipanga. Kiundaji cha kwanza kilidai namba moja tu. Hicho kilikuwa cha kufufua kifuko kilichokwisha andikishwa. Cha pili, ambacho marehemu alikuwa amekifungia ndani asikiguse mgeni, kilidai vitu vitatu: neno, neno, na tarehe.

"Ndicho hiki!" Maswali alipiga makofi kama mtoto aliyeona mvua. "Kimejificha kama pindo la ndani!"

"Kimefungwa," Profesa alinuna.

"Uakisi una ruhusa ya kufungua, mradi ujue unachokifungua." Akaandika mstari mwingine, na mlango ukaachia. Mkuu, ambaye hakuelewa hata nusu, alijikuta amemshika bega bila kujua.

Lakini furaha ile ilikatika ghafla kama uzi mbovu. Neno na neno! Mawili, ya aina moja. Lipi la damu ya kifukoni, na lipi la mgonjwa? Maswali akakiuliza kigezo tena kinaviitaje visanduku vyake vya ndani vya kuwekea maneno hayo. Kikajibu: *x* na *y*. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa bahili wa majina.

"Mgonjwa kwanza," Profesa alikata shauri. "Mgonjwa ndiye mfalme. Andika B, kisha O, twende zetu."

"Una hakika?"

"Nina uzoefu."

"Sikukuuliza uzoefu, kaka. Nimekuuliza hakika."

Profesa akageukia dirisha. Ilikuwa saa tano na nusu, na nje gari lilikuwa limewashwa tayari. Mkuu aliitazama saa ya ukutani. Maswali akainuka mbio.

"Unakwenda wapi?"

"Chumba cha lebo."

Profesa aliangua kicheko. "Jamani! Anakwenda kumwuliza mbandika lebo mambo ya kompyuta! Ukitoka huko usimsahau na mfagizi!"

Mama Lebo, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akibandika lebo kwenye vifuko, alimsikiliza Maswali mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu, kompyuta mie sijui hata inapowashwa. Ila marehemu alipokuwa akitunga mambo yake, alikuja kusimama hapo mlangoni, kila siku maneno yale yale: 'Mama, mkono utoao ndio unaotangulia, upokeao unafuata.' Mie nikadhani ananiomba sadaka, nikawa namkata jicho!"

Maswali alitaka kumkumbatia, lakini Mama Lebo alimwinulia kidole. "Usiniamini bado. Kumbukumbu ya mtu mzima ni chekeche." Akafungua friji, akatoa kifuko cha Jumatatu, kilichochapwa na mashine ya zamani kabla haijazima. Kiliandikwa *O A*. "Aliyetoa hiki namjua, ni dereva wetu. Sasa aulizwe mwenyewe, si kubahatisha."

Maswali akachungulia dirishani. "Kaka dereva! Damu yako kundi gani?"

"O!" dereva alipaza sauti. "Kwani nimekosa nini?"

Mama Lebo akafungua daftari la watoaji, akashusha kidole mpaka kwenye jina lake. O. Mtoaji alikuwa wa kwanza.

Maswali alirudi akikimbia, kandambili zikipiga sakafu. Akaandika O, akaandika B, akaandika tarehe, akakiita kiundaji. Kisha mashine mpya ikanguruma, ikatema lebo nyeupe, yenye joto kama chapati iliyotoka kikaangoni: *O B*. Mama Lebo aliibandika kifukoni. Gari likatoka langoni saa sita kasoro dakika mbili, dereva akipiga honi ingawa hapakuwa na mtu njiani.

Saa moja usiku simu ya Maswali ililia, wote wakiwa bado ofisini wakisubiri habari. Alikuwa fundi cherehani, naye kwa muda alilia tu.

"Shangazi, sema basi!"

"Ametoka salama, mwanangu. Amefumbua macho, ameuliza vitambaa vyake." Akapenga kamasi. "Muuguzi anasema wao hutazama zile herufi kwanza. Zingekuja kinyume, B kabla ya O, wangekirudisha kifuko palepale, maana damu ya B haimwingii mtu wa O. Na daktari ndiye huyo anaondoka. Alhamdulillahi! Ile mashine, uliiuliza kweli?"

"Niliiuliza, shangazi. Ilipofika mwisho wa kujua kwake, nikawauliza watu."

Maneno hayo yalisikika chumba kizima. Mkuu aliinamisha kichwa, midomo ikimcheza kwa dua. Mama Lebo, aliyekuwa amekuja na birika la chai, akamgeukia Profesa kwa upole, bila kejeli hata chembe.

"Profesa, mwanangu, nawe nikuulize kitu kimoja. Asubuhi ungeandika herufi ipi kwanza?"

Profesa alitazama kompyuta, akatazama fomu ya mtoto iliyobaki mezani. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, swali lilifika mwisho na jibu lake halijaonekana. Akachukua mkoba wake, akausukuma mlango, akatoka. Aliyecheka asubuhi aliondoka na ujinga wake mkobani, na aliyeuliza alibaki na uhai wa mtoto: hakika, kuuliza si ujinga.