Kibanda cha Nyasi na Tetere wa Bi Nyamizi

Hapo zamani, enyi mnaosikiliza, kabla bomba halijafika upande ule, palikuwa na ua mmoja nje ya Tabora. Katika ua huo aliishi mjane, Bi Nyamizi, pamoja na wake za wanawe: Kabula, Zuhura na Tabu. Hao watatu walilala kwenye vyumba vya bati. Bi Nyamizi alilala kwenye kibanda cha nyasi. Kila mwezi wa kumi jua lilipochemka juu ya bati, wote watatu walikitazama kibanda cha nyasi kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani.

Palikuwa na tetere pia. Marehemu mume wa Bi Nyamizi ndiye aliyewazoesha kuja uani kula mtama. Mwaka huo dimbwi walilokuwa wakinywea lilikauka. Wakawa wanasimama ukutani midomo wazi, mabawa wameyaachia pembeni, koo zikipigapiga.

Bi Nyamizi akaitwa msibani Urambo. Akajifunga kanga, akasema, "Wanangu, nawaachia tetere hawa. Wakipotea, ua huu utakuwa kimya kama siku ile ya matanga ya baba yenu, nami sitauweza tena. Atakayewaweka hai mpaka nirudi nitabadilishana naye chumba, mpaka mvua inyeshe."

Akaenda.

Kabula alikuwa mja mzito. Kisima kilikuwa kimepungua, kila mwanamke alipewa ndoo moja tu kwa siku. Kabula akaacha kuoga. Maji yake ya kuoga akayamimina kwenye beseni, akaliweka katikati ya ua. Tetere wakashuka. Lakini beseni lilikuwa na kina na kingo zake ziliteleza. Kinda mmoja akatumbukia, asiweze kutoka. Walipomwona, alikuwa amekwisha kufa.

"Dada Kabula," Zuhura akasema, "umewachimbia kisima. Wao wanataka dimbwi."

"Dimbwi nitalitoa wapi?"

Zuhura akaingia jikoni, akatoka na chungu chake cha kupikia maharage, chungu kizima. Akakivunja kwa mchi. Akachukua kigae cha kitako, kipana, cha kina kama cha kifundo cha kidole. Akapanga humo mawe yenye migongo mikavu, ili ndege apate pa kusimama, kisha Kabula akamimina maji yake. Tetere wakanywa bila kuzama. Lakini juani maji yalikuwa moto kama chai, hivyo Zuhura akakisogeza kigae kivulini, chini ya uzio wa minyaa. Na ndani ya minyaa alikaa paka. Siku hiyohiyo akamkamata tetere mmoja.

"Paka wa nani yule?" akauliza Zuhura, ingawa alijua.

"Wangu," Tabu akajibu. "Na kigae kakiweka nani mlangoni pake?"

Tabu alikuwa na mtoto mchanga mwenye harara mwili mzima, na paka ndiye aliyefukuza panya chumbani. Hata hivyo akamtia kikapuni, akampeleka kwa mwenye mashine ya kusaga. Kigae akakihamishia ubavuni mwa kibanda cha nyasi. Hapo palikuwa na kivuli, mbali na vichaka, na juu ilipita kamba ya nguo ambapo ndege aliweza kutua na kuangaza macho kabla hajashuka. Kila asubuhi akamwaga maji ya jana, akakisugua kigae kwa mchanga, Kabula akajaza mapya. Hakufa tetere mwingine. Panya wakala karanga zote za Tabu.

Bi Nyamizi aliporudi alisikia sauti za tetere kabla hajaufikia mlango. Akasimama njiani, akatua mzigo, akavuta pumzi ndefu. Alipoingia uani, wawili walikuwa wakioga ndani ya kigae, wanajirushia maji.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ni nani?"

"Mimi, mama," akasema Kabula. "Maji yalikuwa yangu. Nimeoga jasho na tumbo hili ili wao waoge maji."

"Na ukamzamisha mmoja," akasema Zuhura. "Mimi, mama. Maji wasiyoweza kuyanywa yangewafaa nini? Nimevunja chungu changu. Sina mimba, sina mtoto wa harara. Nataka tu kulala."

"Chungu hicho ulikipeleka kwa paka," akasema Tabu. "Mimi, mama. Wangekuwa tumboni mwake sasa. Nimemtoa, na panya wananitembelea kama mawifi."

"Paka wako," akasema Kabula. "Umezima moto uliouleta mwenyewe."

Bi Nyamizi akacheka, mara ya kwanza tangu atoke msibani. Akaingia kibandani, akakunja matandiko yake, akayatoa nje. "Tetere wangu wako hai, nami nimetulia. Kibanda ni hicho."

Mtaniambia wagawane? Kibanda kilitosha mtu mmoja, na ahadi ilikuwa ya mtu mmoja. Wanawake watatu wamesimama mlangoni, kila mmoja na mkeka wake kwapani, na bati linalia kwa joto nyuma yao. Yupo aliyetoa maji, yupo aliyevunja chungu, yupo aliyemtoa paka. Je, ni nani aingie atandike?