Jiko Lisilo na Sukari

Sisimizi waliingia jikoni kwa Micah Kosgei wakati wa mvua za masika, mwaka wa 1956, na wakakataa kutoka. Hawakuwa siafu, ambao hupita nyumbani wakala panya na viroboto kisha wakaenda zao. Hawa walikuwa wale wadogo wekundu wanaofuata kitu kitamu. Jambo hilo lilimchanganya kila mtu, kwa sababu jikoni kwa Micah hakukuwa na kitu kitamu hata cha kulamba.

Micah alikuwa nyapara wa wakamaji katika shamba la mzungu mmoja karibu na Keringet. Mwanzoni mwa mwaka aliwakusanya mkewe Jeruto na binti yao Chepkurui, akawaambia, "Sukari haitaingia katika boma hili mpaka ada ya Chepkurui itimie." Alitaka binti aende shule ya bweni. Jeruto hakubisha. Walikunywa chai chungu kama shubiri na kuizoea.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha miti na udongo kilichoezekwa kwa nyasi. Juu ya moto palipita boriti nyeusi kwa moshi. Upande mmoja wa boriti vilining'inia vibuyu vinne vya mursik, maziwa ambayo Jeruto aliyalaza baada ya kuvisugua vibuyu ndani kwa kijiti cha moto. Upande wa pili lilining'inia koti kubwa la jeshi ambalo Micah alirudi nalo kutoka vitani Burma. Liliwekwa pale ili moshi ulikinge na nondo. Micah alilivaa siku za kwenda sokoni Molo tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mfuko wake ulikuwa umetoboka. Jeruto aliomba kuushona zaidi ya mara moja, akajibiwa, "Koti la askari halishikwi na mwanamke."

Sisimizi walipanda nguzo mstari mmoja, wakatambaa juu ya boriti, wakaenea kwenye vibuyu. Jeruto aliwamwagia majivu. Wakapita kando. Aliwamwagia maji moto. Wakafa, wakaja wengine. Micah akapaka nguzo mafuta ya taa, na kwa siku kadhaa ugali ulinuka taa na mursik ikanuka taa, lakini sisimizi walishuka kutoka kwenye paa kana kwamba wameitwa kwa jina.

"Baba Chepkurui," Jeruto alisema, "hawa wadudu wanatafuta nini?"

"Nakuuliza wewe. Jiko ni lako."

"Sukari hakuna. Asali hakuna. Sijui."

"Sisimizi hawajui kudanganya," Micah alisema, akamtazama kwa jicho baya.

Mvua ilikuwa imeharibu njia ya Molo na sokoni hakukwendeka, hivyo Micah alishinda nyumbani kila alipotoka kukamua, amenuna kama anga. Jirani yake Khisa, mkamaji mwenzake aliyetoka Bungoma, alikuja kuangalia.

"Nyapara, fuata mstari wao mpaka mwisho," Khisa alishauri. "Shusha vitu vyote hapo juu ya boriti, ukung'ute kimoja kimoja."

"Vitu vyangu vikung'utwe kwa nini? Nyinyi ndio mnaokula kumbikumbi. Pengine hawa ni ndugu zao, wametoka kwako kuja kulipiza kisasi."

Khisa alicheka. "Kumbikumbi tunakula, ndiyo. Hawa wako hawashibishi. Ningekuwa na uwezo wa kutuma wadudu ningewatuma kwa mzungu, nyapara, si kwako."

Micah hakucheka. Kadiri alivyoyawaza maneno yale ndivyo yalivyomkaa moyoni kama mwiba. Mtu anayezungumzia kutuma wadudu, si anajua kuwatuma? Kesho yake, mbele ya wakamaji wote, alimwambia Khisa asikanyage tena bomani kwake. Khisa aliweka ndoo chini, akasema tu, "Sawa, nyapara." Kicheko chake hakikusikika tena katika zizi lile.

Sisimizi wakabaki. Micah akawa hajui amshike nani. Ikiwa Khisa hayumo, basi ni Jeruto. Lazima amenunua sukari kwa siri na kuificha ndani ya nyasi za paa. Alimwambia hivyo waziwazi, mtoto akisikia.

"Mimi ni mwizi?" Jeruto aliuliza.

"Toa sukari."

"Nitoe nisichokuwa nacho?"

"Basi rudi kwenu mpaka ukumbuke ulipoiweka."

Jeruto hakulia. Alijifunga leso, akamwonyesha Chepkurui namna ya kutunza vibuyu, akashika njia ya Kuresoi kwa baba yake.

Micah alianza upekuzi. Alimwaga mursik yote akitafuta sukari ndani ya vibuyu, na kwa hasira akavipasua vyote vinne. Aliezua nyasi za paa. Alipoona paa limekwisha, alibomoa na kuta. Hakupata hata chembe. Koti akalihamishia kwenye nyumba ya kulala, juu ya kitanda, lisinyeshewe.

Siku chache baadaye sisimizi walikuwa ndani ya nyumba ya kulala.

Micah aliketi kitandani akiwatazama. Jiko halipo. Mke hayupo. Jirani haji. Wadudu wapo. Kichwa kilimzunguka kama jiwe la kusagia. Akiwa katika hali hiyo ukafika ujumbe kutoka Kuresoi: mkwewe, mzee Kiplangat, anamtaka aje aeleze binti yake ameiba nini. Dada yake Jeruto alikuwa akiposwa, na waposaji walikuwa wamesikia kwamba katika nyumba ile kuna binti mwizi. Walitaka jibu.

Alfajiri iliyofuata ukungu ulikuwa mzito na baridi ikikata masikio. Micah alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akatembea. Alifika alasiri. Mzee Kiplangat alimkaribisha karibu na moto. Jeruto alikaa mlangoni na shangazi yake.

"Mkwe, mwanangu ameiba nini?" mzee aliuliza.

"Sukari, mzee."

"Uliiona?"

"Sikuiona. Niliwaona sisimizi."

"Basi mashahidi wako ni sisimizi."

"Ndiyo, mzee. Hawaendi mahali bila sababu."

"Hapo umesema kweli." Mzee aliongeza kuni. "Sema yote, tunakusikiliza."

Micah alieleza habari ya majivu, mafuta ya taa na vibuyu. Kadiri moto ulivyowaka ndivyo alivyojikuna. Alijikuna shingo, akajikuna kwapa, akasimama kidogo na kuketi tena. Maneno yakaanza kumpotea. Alisema Jeruto ameficha sukari jikoni, kisha akasema jiko amelibomoa na sukari haikuwamo, kisha akawa hajui ameanzia wapi.

"Mkwe," mzee Kiplangat alisema kwa upole, akinyoosha kidole kwenye kola yake, "naona mashahidi wamefika."

Sisimizi wekundu walikuwa wakitoka kolani, mmoja nyuma ya mwingine, wakishuka kifuani pa Micah.

"Vua koti umpe mke wako."

Micah alilivua. Jeruto aliingiza mkono katika mfuko uliotoboka, ule aliokatazwa kuushona, akaupitisha ndani ya bitana mpaka kwenye pindo. Akatoa bonge la sukari guru, jeusi, lililolainika, limejaa sisimizi. Akaingiza mkono tena, akatoa jingine. Aliyaweka mbele ya baba yake.

"Hii ni ya nani?" mzee aliuliza.

"Ni ya njiani, mzee," Micah alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kutoka sokoni ni mbali. Nilikuwa nikinunua kidogo, nikila nikitembea. Nilidhani nimeimaliza."

"Nyumbani wakinywa chai chungu."

Shangazi alitoka nje, na kicheko chake kikasikika huko uani.

Waposaji walipata jibu lao, na dada yake Jeruto akaolewa. Micah alitozwa kondoo jike na asali ya kumwosha Jeruto jina. Alipokwenda kumwomba Khisa msamaha alikuta ameshahamia shamba jingine upande wa Njoro. Nguzo na nyasi za jiko jipya zilinunuliwa kwa akiba ya ada, na kondoo pia, na Chepkurui akabaki nyumbani mwaka mzima. Jeruto alirudi jiko lilipokamilika. Siku ya kwanza alimtilia mumewe sukari katika chai, akajimiminia yake bila.

"Tia na yako," Micah alisema.

"Mimi nimezoea."

Jiko moja, vibuyu vinne, kondoo, rafiki, mwaka wa shule wa mtoto, na chai ambayo mke hakukubali tena kuitia sukari. Hayo yote yaliliwa na wadudu ambao Micah aliwatafuta kwa jirani, kwa mkewe na paani, ilhali aliwavaa mwenyewe. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.