Mtungi Ulionuka Beberu

Hapo kale, kale ya kale, jua lilipokuwa bado linamwomba jogoo njia, palikuwa na nchi ya visiwa. Itikeni basi, nisiseme na ukuta!

Ni Japani huko, wajukuu zangu. Babu yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mpishi melini, akaniletea kisa hiki badala ya kanga. Watu wa huko walichemsha pombe, mvuke ukapanda, ukapoa, ukadondoka tone, tone, tone, kama wapikavyo gongo. Msinitazame hivyo, sisemi mnywe! Waliiita shochu. Wenye shayiri walipika ya shayiri, nyepesi. Wenye miwa, ya sukari guru. Wenye viazi vitamu, ya viazi, wakainywa changa, ingali yanukia shamba.

Lakini kisiwa cha kusini walipika ya mchele ulioota ukungu mweusi. Naam, ukungu! Hiyo ndiyo awamori. Waliilaza mitungini ikazeeka, ikazeeka, mpaka nao wakazeeka.

Mama mmoja, Ushi, alikuwa na mitungi yake mitatu: Bibi, mkubwa na mkongwe, kisha Mama na Mjukuu. Ukichota kwa Bibi, unamjaza kwa Mama. Mama unamjaza kwa Mjukuu. Mjukuu ndiye apewaye pombe mpya. Hivyo Bibi hakauki. Ushi akafunga ghala, ufunguo kiunoni, asimwonyeshe mtu.

Mwanawe akamwoa Nabi, binti wa watu wa viazi.

Sasa sikieni. Mjumbe wa mfalme akawa anakuja kumwonja Bibi. Asiporidhika, moto wa jiko huzimwa, nyumba hiyo haipiki pombe tena. Ndiyo sheria. Ushi akatoka kutafuta samaki wa mgeni, akamwachia Nabi ufunguo. "Mwanangu, fagia ghala. Pang'ae!"

Nabi akafagia, akapangusa, akamfunua Bibi, harufu ikampiga. Toba! Beberu! Beberu mzima aliyelowa mvua!

"Maskini mavyaa wangu," akasema, "pombe imeoza naye hajui. Mgeni akinywa hii, tumekwisha."

Akauinamisha mtungi. Bwa, bwa, bwa, mpaka tone la mwisho. Akausugua kwa mchanga.

Mnaziba midomo? Zibeni! Harufu ile ndiyo waliyoingoja tangu enzi za nyanya yake Ushi. Beberu ndiye uzee wenyewe!

Ushi akarudi. "Nabi, mbona sakafu imelowa?"

"Furahi, mama, nimekuokoa! Mtungi mkubwa ulinuka beberu."

Samaki wakamponyoka. "Umemwaga... umemmwaga Bibi?" Akakaa papo hapo kwenye unyevu, akapapasa sakafu, akalamba kiganja.

Hodi! Mjumbe huyo mlangoni. Ushi akamjaza Bibi kutoka kwa Mama. Mjumbe akaonja. Akaonja tena.

"Tamu. Lakini beberu yuko wapi?"

Ushi akashika kuufunika mtungi.

"Ushi, nauliza, beberu yuko wapi? Basi, zimeni moto!"

Nabi akapiga magoti. "Nimemwaga mimi, bwana. Kwetu kinachonuka kimeoza."

"Hukuambiwa?"

Nabi akainama, asimtaje mtu. Ushi ndiye aliyepiga ukelele: "Hakuambiwa! Nilimpa ufagio, sikumpa harufu!"

Mjumbe akamtazama huyu, akamtazama yule. "Moto uacheni. Lakini tangu leo, bibi harusi akiingia nyumba hii, kabla hajaonja wali, aingizwe pua mtungini."

Ushi hakumnusa beberu tena, alikufa kabla pombe haijazeeka upya. Nabi akachota, akajaza, akachota, akajaza, nywele zikawa pamba. Siku alipoletewa mke wa mwanawe, akamshika kisogo, akamwinamisha.

"Nusa, mwanangu."

"Toba, mama! Beberu!"

Nabi akacheka, machozi yakimtoka. "Ndiye huyo. Usimmwage."

Basi jueni: urithi ukimficha mrithi, ataumwaga kwa mikono yake, tena akidhani anakusaidia. Kisa changu nimekitua chini kama mtungi. Kilicho kitamu chukueni, machicha niachieni mimi.