Mbio za Digidigi na Amina za Fisi

— Hodi kwenye hadithi!
— Karibu, mlango uko wazi!
— Niingie na kicheko au niingie na kilio?
— Ingia na vyote!

Basi sogeeni. Mwenyezi Mungu awarehemu wale waliokuwa wakiitikia pamoja nasi mwaka jana, na leo hawapo.

Palikuwa na Digidigi na mke wake, Mwanamkasi. Wadogo, miguu myembamba kama vijiti vya mswaki. Swala hukaa kundi zima, lakini digidigi hukaa wawili tu. Kila alfajiri walikimbia kuuzunguka mpaka wa bonde lao, mume mbele, mke nyuma. Ti-ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti. Mume akigeuka, mke yupo. Akigeuka tena, mke yupo.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokata, Mwanamkasi akaugua homa. Siku tatu tu. Wakamzika humo humo bondeni, chini ya mgunga.

Siku ya nne Digidigi akatoka kukimbia peke yake. Ti-ti-ti-ti. Akageuka kumtazama mwenziwe, kwa mazoea tu, asilione shimo lililochimbwa na mhanga mbele yake. Ka! Mguu wa nyuma ukavunjika.

Mguu uliunga, ingawa uliunga vibaya. Yeye mwenyewe ndiye hakuunga. Alishinda chini ya mng'ong'o akila matunda yaliyoanguka na kuchacha, yale yanayolevya. Akila, analala. Akiamka, anakula. Akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Siku moja Fisi akapita. Akasimama, akacheka, hwii-hi-hi!

"Ebo! Bwana mdogo, hicho kitambi ni chako au umewekewa?"

"Pita zako, Mjomba Fisi."

"Napita, napita. Ila vuli ikikata nitarudi kukimbia nawe. Nasikia udongo wa bonde lako ni laini, hasa pale chini ya mgunga. Haumchoshi mtu kuchimba."

Akaenda zake akijilamba.

Digidigi akautazama mgunga. Desturi ya nchi ile aliijua. Kila mwaka vuli inapokata, mwenye bonde hulizunguka mara moja kwa mbio, mchana kweupe. Anayelitaka hukimbia naye. Atakayetangulia kugusa kichuguu cha mwisho, bonde ni lake na vyote vilivyomo ni vyake. Na Mwanamkasi alikuwamo.

Akamwendea jirani yake, Shangazi Kanga.

"Usinikaribie," Kanga akasema. "Unanuka pombe."

"Nakula ili nimsahau, shangazi."

"Unamsahau? Mbona kila ukilewa unamwita kwa jina mpaka vifaranga wangu wanalia?"



Kesho yake Digidigi akaanza mazoezi ya kukimbia. Siku ya kwanza alikimbia mpaka kwenye jiwe jeupe. Ti-ti-ti-ta. Ti-ti-ti-ta. Ule mguu mbovu ulikuwa na mlio wake. Akafika, akakaa, akatapika, akarudi akitembea. Siku ya pili akafika kwenye jiwe jeupe, akakaa, hakutapika. Siku ya tatu mguu ukavimba. Akapumzika siku saba, na siku ya saba akarudi kwenye mng'ong'o akala matunda matatu. Akatubu. Akaanza tena. Ti-ti-ti-ta, mpaka kwenye jiwe jeupe.

Akawa anafunga Jumatatu na Alhamisi. Matunda yakimwita, husema, "Nimefunga." Siku asiyofunga, husema vilevile.

Mwezi wa pili alifika korongoni. Mwezi wa nne alifika kilimani. Mwezi wa sita alilizunguka bonde lote bila kusimama. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliogopa kuona asichokiona.

Lakini alizunguka pole pole, na Fisi ana mapafu ya kukimbia kutwa. Digidigi alilijua hilo. Akakaa, akafikiri. Kisha akaenda kwa Shangazi Kanga na kwa Maalim Kobe, msomaji wa dua.

"Siku ya mbio ndiyo siku ya hitima ya mwaka ya Mwanamkasi," akasema. "Naomba shughuli isiwe nyumbani. Iwe korongoni, pale njia inapopita. Shangazi, pika ubwabwa wa nazi na mchuzi wa mifupa, unukie. Maalim, dua usome pole pole."

Kobe akamtazama. "Kwani mimi husoma vipi?"

"Basi pole pole zaidi."

"Na wewe mfiwa? Hutakaa?"

Digidigi akainuka kuondoka. "Mimi nitakuwa nimefunga," akasema.

Siku ikafika. Wakaanza. Fisi, pu-pu-pu-pu! Digidigi, ti-ti-ti-ta. Kabla ya jiwe jeupe Fisi alikwishamwacha mbali.

"Usijikaze sana!" Fisi akapiga kelele. "Mguu utakudondoka njiani, na mimi nimeshiba hivi sasa!"

Hakuwa ameshiba. Fisi gani ameshiba? Alipofika korongoni, harufu ikampata puani. Akapunguza mbio. Akasimama.

"Karibu hitima, Mjomba Fisi," Kanga akasema, akashika birika.

Fisi akatazama nyuma. Digidigi haonekani. "Sinia moja tu," akasema. Akanawa mkono, akaketi. Kwacha, kwacha! Sinia moja. Kwacha, kwacha! La pili. Akavunja mifupa ya la tatu, akajilamba, akainuka.

"Mjomba, umenawa," Kanga akasema.

"Nimenawa, kwani vipi?"

"Aliyenawa kwenye hitima hainuki mpaka dua ifungwe. Akiinuka, haalikwi tena. Msibani haalikwi, harusini haalikwi, mpaka anakufa."

Fisi akafikiria masinia yote ya dunia. Akakaa.

Kobe akainua mikono. "Eee... Mola... wetu..."

"Amina!" Fisi akasema.

"Mrehemu... Mwanamkasi..."

"Amina, amina!"

"Na mama yake... na mama wa mama yake..."

Ti-ti-ti-ta. Digidigi akapita pale njiani. Alilisikia jina la mkewe. Macho yakamjaa maji, miguu isisimame. Ti-ti-ti-ta, akapotea.

"Maalim, fupisha!" Fisi akalia.

Kobe akafumbua macho. "Umesemaje, mwanangu? Umenipoteza. Ngoja nianze upya. Eee... Mola..."

Digidigi akapanda kilima, akashuka kilima. Akafika kwenye lile shimo la mhanga, akaliruka. Akagusa kichuguu cha mwisho. Hapakuwa na mtu wa kumshangilia. Wote walikuwa hitimani.

Akaenda chini ya mgunga. "Nimefika," akasema. Hapo ndipo alipogeuka nyuma, kwa mara ya kwanza tangu avunjike mguu. Akaona njia na vumbi lake.

Upepo ukaleta sauti ya Fisi kutoka korongoni, imechoka kabisa: "Amina." Ikawa ndiyo ya mwisho. Dua imefungwa. Digidigi naye akasema amina, ikabaki peke yake.

Alasiri Fisi akapita akiburuta tumbo.

"Bonde ni lako, bwana mdogo," akasema. "Umeniweza. Ila mkeo leo nimemwombea mimi, tena mara mbili. Wewe ulikuwa wapi?"

Na mpaka leo, alfajiri, Digidigi anasikika akizunguka bonde: ti-ti-ti-ta, ti-ti-ti-ta.

— Hadithi nimeitua!
— Tumeipokea!
— Nani ataibeba?
— Wenye miguu!

Na funzo lake, wanangu? Msifanye mazoezi. Mkikuta chakula cha watu njiani, kaeni mle mpaka masinia yaishe, kama Fisi. Angalau mtakuwapo wakati wa kuitikia amina.