Mama Perege na Mke Mwenza wa Kwenye Kioo

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia. Nimemsikia Chausiku peke yake, na Chausiku anaitikia huku anatafuna. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmefika. Pakawa na bwawa, bwawani maji, majini samaki, na samaki wana mambo yao.

Hapo zamani, zamani za kale, waliishi humo Bwana Perege na mkewe, Mama Perege. Mila ya perege mnaijua? Perege jike hulea watoto wake ndani ya mdomo. Humo wanalala, humo wanakua. Wakati huo mama hali, hasemi, hapigi hata miayo. Akifungua mdomo ovyo, watoto wanamwagika, na majini kuna wenye njaa. Kwa hiyo mke ananyamaza, na mume ndiye anayesema na kulinda nyumba.

Jirani yao alikuwa Kambare, mwenye ndevu ndefu na tumbo lisiloshiba. Kila akimwona Mama Perege mashavu yamejaa, mate yanamtoka. Mate ya majini sijui yanaonekanaje, lakini yanamtoka.

Siku ya kwanza Kambare akaja na salamu. "Hujambo, dada?" Mama Perege akapunga mkia. "Nasema hujambo, dada? Kwenu hamkufunzwa kuitikia?"

Yale maneno yalimuuma, maana alikuwa mtu wa adabu zake. Lakini mdomo?

Kaufumba!

Siku ya pili akaja na mnyoo mnene. "Onja kidogo, dada. Umekonda mno." Mama Perege alikuwa na njaa ya kuona maluweluwe. Akageuza uso. Na mdomo?

Kaufumba!

Siku ya tatu msichana mmoja, Nyamizi, alikuja bwawani kufua. Kioo chake cha kujitazamia kikamponyoka, kikazama. Samaki wadogo wakakikuta, kila mmoja akaona adui humo ndani, wakapigana nacho mpaka magamba yakapukutika. Kambare aliwatazama kwa mbali, akacheka. Akakiendea kwa nyuma, akakisukuma hadi mlangoni kwa Perege, akakiegemeza kwenye jiwe. Yeye mwenyewe hakujitazama. Tangu azaliwe hakuwahi kujiona hata mara moja.

"Shemeji," akaita, "kuna mwanamume mlangoni kwako."

Bwana Perege akaja mbio. Kweli, dume hilo limesimama, halina hata haya. Akatanua mapezi, na yule akatanua. Akatikisa mkia, na yule akatikisa. "Toka kwangu," akasema. Yule naye akafungua mdomo vilevile, wala hakurudi nyuma. Ala! Bwana Perege akamvaa. Akagonga, akarudi, akagonga tena, midomo ikavimba kama andazi. Nyumba haina mlinzi, mwanamume anapigana! Alipoishiwa nguvu akaenda kujilaza kwenye majani, akihema, akisema anarudi kummaliza.

Kambare akamwendea mke. "Dada, mimi umbeya siupendi. Lakini midomo ya mumeo umeiona? Unadhani imevimbia wapi? Ana mke mwingine, yuko hapo hapo mlangoni kwako. Nenda ukampe maneno yake."

Mama Perege akaenda, moyo unawaka. Kufika, lo! Kweli kuna mwanamke. Tena mashavu yamejaa, amebeba watoto. Mama Perege akatetemeka mwili mzima, mpaka watoto mdomoni wakaamka. Matusi yalikuwa yamefika kwenye ulimi, yamekaa juu ya vichwa vya watoto, yanasubiri mlango ufunguliwe. Na nyuma yake Kambare ameshaanza kunyata. Mdomo?

Mbona mnasita? Hata mimi nilisita.

Akamtazama yule mwanamke mara ya pili. Amekonda. Macho yameingia ndani. Mama Perege akasema moyoni, "Maskini, naye ana njaa. Naye hawezi kusema. Pengine naye ametukanwa kwa kutoitikia salamu." Hasira ikashuka, huruma ikapanda. Akapunga mkia, na mwenzake akapunga mkia.

Hapo akaona, nyuma ya yule mwenzake, Kambare anakuja na domo wazi! Akataka kupiga kelele amwonye. Atapigaje kelele na watoto wamo mdomoni? Akaamua kumwonyesha kwa mwili: kimbia hivi, mwenzangu! Akachupa pembeni kwa nguvu zake zote.

Kambare akapita kasi pale pale alipokuwa Mama Perege, na mbele yake akaliona dubwana la ndevu, limeachama, linakuja kummeza. Hakuweza kusimama. Kishindo! Kioo kikapasuka, na kichwa cha Kambare kikabonyea. Ndiyo maana mpaka leo kichwa chake ni bapa, anakaa kwenye tope, na njia anaipapasa kwa ndevu.

Mama Perege akarudi kumtafuta mwenzake. Akamkuta katika kipande cha kioo. Akainama, naye akainama. Akageuka, naye akageuka. Akaelewa.

Watoto wakakua, wakatoka mdomoni mmoja mmoja, wote wazima. Baba yao akawakusanya awasimulie. "Nililipiga lile dume," akasema, "mpaka likavunjika vipande vipande."

Mama Perege akafungua mdomo kusema, mara ya kwanza tangu alipowabeba. "Lilikuwa na midomo ya namna gani, mume wangu?"

"Imevimba. Mibaya kabisa."

"Basi namjua huyo. Ndiye niliyekuwa nalala naye nyumba moja, wakati watoto wangu wanataka kuliwa na hakuna mlinzi mlangoni."

Bwana Perege akafungua mdomo ajibu. Akawatazama wanawe. Na safari hii, mdomo?

Kaufumba!

Wanangu, hasira ni hasara. Unapokutana na adui, mtazame mara ya pili kabla hujafungua mdomo. Huenda njaa yake ni yako, na midomo iliyovimba ni yako vilevile.

Ngano nimeitua chini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni niimeze mwenyewe.